Joto la Kompyuta ya Baba

Kuna harufu ya kitu kinachoungua polepole pasipo moto ambayo hunirudisha Kamina, mji wetu wa reli kule Katanga, upesi kuliko picha yoyote. Si harufu ya makaa, wala ya majani yanayochomwa kandokando ya reli wakati wa kiangazi. Ni harufu kavu, nyembamba, inayochoma kidogo puani, kama ya nywele zilizokaribia taa. Ilikaa sebuleni kwetu msimu mzima, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Asubuhi za kiangazi kwetu zina baridi ya kuumiza vidole. Tulikwenda kuchota maji tumejifunga vitenge viwili viwili, mvuke ukitutoka midomoni, na vumbi jekundu likiwa bado limelala chini kwa umande. Lakini ndani ya nyumba, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa alichokifuma Mama, kulikuwa na kitu kimoja kilichokataa kupoa, na joto lake lilitukosesha amani sote.

Kitu hicho kilikuwa kompyuta aliyoiunda baba yangu kwa mikono yake. Baba, Mwalimu Banza kwa wote waliomjua, alifundisha hesabu katika shule ya kanisa letu la Kimetodisti na alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa amekwenda Lubumbashi kwa mafunzo mafupi ya kompyuta, akarudi na imani kwamba kununua mashine iliyokwisha kuundwa ni kazi ya watu wasiopenda kufikiri. Yeye angenunua vipande, aviunganishe mwenyewe, na kanisa zima lingepata mashine ya kuchapia nyimbo na matangazo ya jubilei ya kanisa. Alilitangaza jambo hilo Jumapili mbele ya watu, akiwa amesimama wima na koti lake la kahawia, na watu wakapiga makofi. Nadhani makofi yale ndiyo yaliyotuponza. Mtu akishapigiwa makofi kwa kazi ambayo hajaifanya, hana tena mlango wa kurudi nyuma.

Vipande vile viliagizwa kupitia kwa Papa Kazadi, rafiki yake. Papa Kazadi alikuwa na duka dogo karibu na stesheni, duka la redio, simu, betri na nyaya, lenye harufu ya mpira mpya na karanga za kukaanga ambazo mkewe aliziuza mlangoni. Waliimba sauti ya chini pamoja katika kwaya, yeye na Baba, na Ngalula, binti wa Papa Kazadi, alikuwa rafiki yangu wa kwanza na wa pekee. Tulikaa dawati moja, tulisukana nywele, na alipokuwa kwetu wakati wa chakula Mama hakumuuliza kama anakula, alimwongezea tu bukari, ugali wa kwetu. Familia yao ilikuwa ya Kasai, mkoa jirani. Kwetu neno hilo halikuwa dogo. Kabla sisi wawili hatujazaliwa, watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wakarundikana kwenye stesheni wakingojea treni za kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Papa Kazadi na mkewe walikuwa miongoni mwao. Mtoto wao wa kwanza, mvulana, alifia pale stesheni, juu ya mkeka, kwa kuhara. Baada ya miaka walirudi, wakafungua duka mahali ambapo kutoka mlangoni unaiona stesheni yenyewe. Ngalula aliniambia habari hizo mara moja tu, tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, na kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Maboksi yalifika kwa treni yamefungwa ndani ya blanketi. Papa Kazadi aliyafungua mbele ya Baba, moja baada ya jingine, kila kitu kikiwa kipya ndani ya mfuko wake. Siku hiyo Baba alifukuza kila mtu sebuleni. Aliunganisha kila kipande, akaweka prosesa, ubongo wa mashine, mahali pake, na juu ya prosesa akafunga radieta, kile kipande cha alumini chenye mapezi na feni mgongoni, ambacho kazi yake ni kunyonya joto. Jioni jenereta ilipowashwa, mashine iliamka, feni zikaimba, na kioo kikawa cha bluu. Baba alicheka kama kijana. Mama aliweka mkono mdomoni. Kabla hatujamaliza kufurahi, kioo kikawa cheusi na feni zikanyamaza.

Ndivyo ulivyoanza ugonjwa ule. Mashine iliwaka, ikafanya kazi kwa muda wa kuandika aya mbili, ikazima. Kwanza Baba alishuku umeme, kwa maana jenereta ya jirani tuliyounganishwa nayo ilikuwa ikikohoa. Alileta kifaa cha kutuliza umeme, kizito kama tofali, akakiweka chini ya meza. Mashine ikazima vilevile. Akashuku vumbi, akapiga kila pembe kwa brashi ya rangi. Akatoa kadi za kumbukumbu, akazisugua kwa kifutio cha shule, akazibadilisha nafasi. Akaifungua mashine ubavu na kuiwekea feni ya mezani, kisha dirisha likaachwa wazi baridi ituingie sote. Kulikuwa na ukurasa mmoja ulioonyesha joto la prosesa, na mimi niliketi mbele yake nikisoma namba kwa sauti huku yeye ameinama ndani ya kasha. Hamsini. Sitini na tano. Themanini. Namba zilipanda jinsi homa ya malaria inavyopanda, bila huruma, na zilipokaribia mia kila kitu kilikufa. Ile harufu ilikuwa ikitoka hapo. Baba alisema ni vumbi linaloungua. Sote tukasema ni vumbi.

Jubilei ilikuwa inakaribia, na kila Jumapili mtu alimuuliza Baba habari za mashine. Alianza kwa kujibu kwa tabasamu, kisha kwa kifupi, kisha akawa anatoka kanisani kwa mlango wa nyuma. Siku moja Papa Kazadi alifika mwenyewe, amevua kofia, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Alisikiliza habari yote kwa makini.

"Mwalimu," akasema, "tufungue ile radieta kwanza, tuangalie chini yake. Pengine haikukaa muzuri."

"Minyi njo niliiweka, na mikono yangu mwenyewe," Baba akajibu. "Unataka kusema sijue kazi?"

"Hapana, sisemi vile. Nasema tuangalie."

"Hakuna kya kuangalia. Uliniletea prosesa ya kufa."

Papa Kazadi alisema kwamba kama prosesa ni mbovu ataibadilisha, lakini lazima aione kwanza. Baba aliinuka akafungua mlango, akasimama pale ameushika, mpaka mgeni wake akatoka. Mama alikuwa ameshika sinia la chai katikati ya chumba, hajui aliweke wapi.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu walikuwa wamesimama uani wakisalimiana, na mzee mmoja akamuuliza Baba, kwa utani tu, kama kompyuta yake imeshapona. Papa Kazadi alikuwa karibu, na Ngalula na mimi tulikuwa tumeshikana mikono. Baba hakugeuka kumtazama rafiki yake. Alisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho:

"Muntu alinidanganya. Na sishangae. Bakasai njo vile beko. Wazee wetu habakubafukuza bure."

Yaani Wakasai ndivyo walivyo, na wazee wetu hawakuwafukuza bure. Nakumbuka kwamba baadhi ya watu walitikisa vichwa chini, taratibu, kwa kukubali. Walikuwa watu waliokunywa chai kwa Papa Kazadi. Mwenyewe alivaa kofia yake vizuri, kama anayejiandaa kwa safari, akamwita mkewe, na Ngalula akauchomoa mkono wake mkononi mwangu. Hakuuchomoa kwa hasira. Aliuchomoa kama mtu anayekumbuka kwamba ana kazi nyumbani.

Neno likishatoka, halikosi miguu. Wanawake sokoni walianza kukumbuka betri zilizokufa mapema na redio zilizokoroma. "Lisemwalo lipo," walisema, na kwa methali hiyo moja wakajiondolea kazi ya kuuliza. Wateja walipungua. Mtu akaandika kwa chaki kwenye mlango wa duka: rudi kwenu. Papa Kazadi alifuta, kesho yake maneno yakaandikwa tena, akaacha kufuta. Shuleni Ngalula alihamia dawati la mbele, na nilisoma hesabu nikitazama mistari ya nywele kisogoni mwake, nywele ambazo sasa zilisukwa na mwingine.

Kisha Baba akaamua kuing'oa prosesa ampe mwalimu mwenzake aliyekuwa akienda Lubumbashi, ikapimwe huko na iwe ushahidi. Ilikuwa mchana, jua limeingia hadi mezani. Aliing'oa radieta kwa shida, kwa sababu ilikuwa imeganda, na alipoigeuza tuliona sote, Mama, mimi na yeye. Chini yake, mahali ambapo alumini ilipaswa kugusana na prosesa, kulikuwa na karatasi laini ya nailoni, imejikunja na kuwa ya njano kingo zake, imeungua katikati. Ndiyo nailoni ambayo kiwandani huwekwa kulinda kifaa mpaka siku ya kukifunga. Haikuwa vumbi hata siku moja. Joto lilikuwa likipanda na kukuta mlango umefungwa, na aliyeufunga ni Baba mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Pembeni palikuwa bado pana maandishi madogo ya Kifaransa, na mimi, niliyezoea kusoma kwa sauti mezani pale, nikayasoma.

"Papa, inasema tuitoe mbele ya kutumia."

"Nyamaza, Rebeka."

Aliibandua nailoni ile, akaifinya ndani ya kiganja, akatoka nayo nje. Aliporudi alipaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, inayofanana na dawa ya meno, akairudisha radieta mahali pake, akawasha. Joto lilipanda hadi arobaini likatulia hapo. Likatulia mpaka jioni. Hakuna aliyecheka.

Mama alisema naye usiku huo na siku zilizofuata, kwa upole, bila kuchoka. "Papa Rebeka, kesho ni siku ya Mungu. Simama tu, useme." Baba alijibu kwamba mtu mzima hawezi kujivua nguo mbele ya watoto anaowafundisha. Jumapili ikapita. Basi Mama alifunga kitenge chake kizuri, akanishika mkono, tukaenda dukani. Rafu zilikuwa nusu tupu, na mkewe Papa Kazadi alikuwa anafunga sufuria ndani ya shuka. Mama alipiga magoti. Alieleza kila kitu, hata habari ya nailoni. Papa Kazadi alimwinua.

"Mama, aksanti kwa kufika. Weye haukunikosea. Lakini ile maneno ilisemwa mbele ya bantu. Inaomba isemwe tena mbele ya bantu."

Ngalula alikuwa amesimama nyuma ya meza ya duka, na nilimtazama nikitumaini atanitazama. Aliendelea kukunja blauzi. Juma lile lile walipanda treni kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, kutoka stesheni ile ile. Watu wa kwaya hawakwenda kuwaaga. Mama alikwenda peke yake na kapu la mahindi ya kuchemsha, akarudi akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mashine ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Ilichapa nyimbo za jubilei, ilichapa matangazo, ilichapa mahubiri juu ya kusamehe saba mara sabini. Wageni walipoisifu, Baba alisema aliletewa prosesa mbovu na mfanyabiashara mdanganyifu, naye akaiponya kwa akili yake.

Leo mimi naishi Lubumbashi na kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Watu huniletea mashine zinazochemka na kujizima, nami hufungua radieta, hufuta, hupaka dawa, hufunga. Kazi iliyovunja nyumba mbili mimi huimaliza kabla chai haijapoa. Kamina nayo imebadilika kwa nje: vijana wana simu mifukoni zenye nguvu kuliko mashine ile, na maneno hayangoji tena Jumapili ili yafike kwa watu. Krismasi iliyopita Baba, mzee sasa, alitusikilizisha ujumbe wa sauti aliotumiwa, mtu asiyemjua akionya kwamba watu wa Kasai wamezidi mijini kwetu. Wajukuu wakacheka. Kisha akawasimulia habari ya prosesa mbovu. Niliwaambia watoto ukweli, neno kwa neno, mbele yake. Baba alinitazama bila chuki yoyote. "Weye ulikuwa mutoto," akasema. "Haukumbuke." Mama hayuko hai tena awe shahidi wangu.

Miezi michache iliyopita nilimpeleka mwanangu hospitali, na nesi aliyetupokea alikuwa Ngalula. Nilimjua kabla hajageuka. Alinisalimu kwa Kifaransa, akaniita madame. Nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu, "Ngalula, njo minyi, Rebeka wa Kamina." Akasema, "Najua," akaendelea kwa Kifaransa kuuliza umri wa mtoto. Alimhudumia kwa mikono myepesi, akamchekesha, hakupunguza kitu chochote anachostahili mgonjwa. Tulipomaliza nikaanza kusema, "Baba yangu..." na hapo ndipo aliponitazama machoni kwa mara ya kwanza.

"Baba yako aliisema mbele ya bantu?"

"Hapana."

"Basi tuache," akasema, na akamwita mgonjwa aliyefuata.