Wadudu wa Verlin

Kila Agosti, kwenye tamasha la pikipiki la Sturgis, Marekani, Lorna Tveit husimamia mafundi katika hema la duka lao, na wateja humwogopa kwa ulimi wake. Siku moja mzee mmoja aitwaye Verlin alimtangulia kwa ukali.

"Nani kaiosha pikipiki yangu?"

"Sisi. Umelipia oili, kuosha tumekupa bure. Sema asante, mzee!"

"Asante ya nini, mama? Nimeiendesha kutoka Ohio mpaka hapa! Kioo cha mbele kilijaa wadudu wa njiani. Sasa inang'aa hivi, nani ataamini sikuileta kwa trela nyuma ya gari kama mkwe wangu?"

 Lorna mwenyewe alikuwa amewacheka watu wa trela miaka yote, tena kwa sauti.

"Haya, umenishinda. Jua likianza kuzama, pita barabara ya ziwani. Na usipunguze mwendo."

Jioni Verlin alirudi, kioo hakipitishi hata mwanga kwa nondo na mbu waliogandamana.

"Umeridhika sasa?" Lorna aliuliza.

Verlin akacheka kwa kinywa kipana, na hata menoni alikuwa na ushahidi wenye mabawa.