Kata ya Maji na Mkono wa Mjomba Athumani

Mjukuu wangu anaporashia maji uani, ile harufu ya vumbi la moto lililopata maji hunirudisha kwetu, kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, mji wa kale wa kisiwani, miaka ile ya vita vikuu. Yeye hutumia bomba. Sisi tulikuwa na mtungi na kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu. Nikifumba macho namuona Mjomba Athumani ameishika kata ile kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, utadhani ameshika upanga.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, na kwetu ndiko alikokaa. Alikuwa mpagazi wa magunia kwenye maghala ya Shimanzi mpaka bega likamuuma, ndipo akapata kibarua cha kuwabebea Wazungu vigongo vyao kwenye uwanja wa gofu, kule karibu na Feri. Leo kipo, kesho hakipo. Basi siku moja msimamizi akatangaza kuwa wabeba vigongo watashindana wao kwa wao, na mshindi atafanywa mnyapara, ale mshahara wa mwezi.

"Bega hili halirudi Shimanzi tena, dada," Mjomba alimwambia mama. "Nikishindwa, ntapanda meli."

Siku hiyo mama hakukigusa chakula chake. Kaka yao mkubwa, Mjomba Salimu, alipanda meli kabla mimi sijazaliwa, na hadi leo hatujui alishukia wapi.

Taabu yenyewe ilikuwa hii. Kwa sababu ya vita mipira ya gofu ilikuwa adimu, kwa hiyo kila mshindani angepewa mmoja tu, akiupoteza, ametoka. Na mpira wa Mjomba ulikuwa na tabia. Ukiondoka vizuri, umenyooka, halafu ukipinda kushoto kama mtu aliyekumbuka kuwa amesahau kitu nyumbani. Na kushoto, pale pa mwisho, palikuwa na bahari. Rafiki yake Mutua, mtu wa bara waliyebeba naye vigongo, alimwambia asimame hivi, ashike vile. Mpira ukapinda vilevile.

Kila alasiri Mjomba alisimama uani akipiga upepo kwa fimbo. Mama alimtazama, mkono mmoja kiunoni, mpaka akachoka.

"Athumani, huo upepo umekukosea nini? Hebu chukua kata unirashie uwanja, vumbi latuua."

Mjomba akachota, akarusha kwa nguvu zake zote. Maji yote yakaenda kushoto, yakaishia juu ya mkeka wa Bi Zuhura, jirani yetu, aliyekuwa ameanika mchele wake.

"Yallah! Athumani!" Bi Zuhura akapiga kelele dirishani. "Mchele nimeshauosha mimi, nani amekutuma?"

Akachota tena. Kushoto tena. Mama akaangua kicheko.

"Wewe watupa maji au wacheza kirumbizi? Mbona mwisho wageuza kiganja?"

Nikwambieni, kirumbizi ni ngoma ya harusi, wanaume wawili huingia katikati wakachezeana bakora. Mjomba wangu alikuwa fundi wake, mji mzima ukimjua. Akishapiga, hugeuza kiganja upesi ili bakora irudi kukinga kichwa. Mkono umezoea hivyo tangu ujana, haumuulizi mwenyewe.

Mjomba akakitazama kiganja chake kama kitu alichookota njiani.

"Mkono uwache," mama akasema. "Zungusha kiuno, mkono utafuata wenyewe. Maji yaende pale mlangoni."

"Kiuno, dada? Mimi mwanamume!"

"Basi nenda na meli."

Akazungusha. Maji yakaruka yamenyooka, yakapiga ukuta pembeni mwa mlango, paap! Bi Zuhura akapiga kigelegele. "Njooni muone! Athumani ameingia chakacha!" Na chakacha ni ngoma ya wanawake, ya kukata viuno.

Habari zilifika barazani kabla ya magharibi. Vijana wenzake wakawa wakimuona tu, wanampigia makofi ya chakacha. Mjomba alikuwa mtu wa haya, lakini kila jioni alirudi kwenye mtungi. Chokaa ya ukuta ule ikawa na doa jeusi, na doa halikwenda kushoto.

Siku ya mashindano mama alijitanda buibui, akanishika mkono tukasimama barabarani, nje ya uwanja. Mmoja baada ya mwingine walipoteza mipira, mpaka wakabaki Mutua na Mjomba. Mutua akapiga, upepo ukauchukua mpira, ukatua majini. Mjomba akasimama. Vidole vya mama vikaubana mkono wangu hadi ukaniuma. Nikamuona Mjomba anazungusha kiuno, hana haya hata kidogo, na mpira ukaenda, ukaenda, ukaanguka kwenye majani. Mutua ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba.

Ila harusi iliyofuata, Mjomba alipoingia kwenye kirumbizi, muuza halua alimgonga utosini kwa pigo la kitoto. Kiganja kilisahau kurudi. Alicheka kuliko waliomcheka, akaiweka bakora yake juu ya kabati, na hakuishusha tena. Unyapara wake alizeeka nao, humu humu kisiwani.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama alijuaje mambo ya gofu.

"Gofu nilijulia wapi mimi? Nilikuwa na mimba ya nduguyo Swaleh, mgongo wakatika. Nilitaka uwanja wangu urashiwe maji, basi."

Hapo ndipo nilipoelewa ule mkono kiunoni, maana wakati ule watoto hatukuambiwa mambo hayo. Nikamwamini, nikacheka. Lakini baadaye, nikiwa mimi ndiye mwenye mimba, mgongo wakatika, nilikumbuka kitu. Mjomba alipokwisha pata kazi, na Swaleh bado hajazaliwa, mama aliichukua kata akarudi kurashia maji mwenyewe. Na ukuta wote ukapakwa chokaa Ramadhani ile, isipokuwa pale penye doa, pembeni mwa mlango. Mama hakutaka paguswe.