Aliyesimama Njia Panda ya Ilagala

Nikisimulia jambo hili, watu wa rika langu huniuliza kama siku ile nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa. Ilikuwa saa tisa alasiri, na nilikuwa na akili zangu zote. Nimefanya kazi ya bwana misitu miaka mingi kuliko umri wa wengi watakaosoma hapa. Pori si mahali pa kunitia ndoto. Nilichokiona nilikiona, na ningefurahi sana kama kingekuwa uongo.

Kwanza nikwambie habari za Bilali. Alikuwa fundi pikipiki pale Gungu, mzaliwa wa Ujiji, babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mimi ni Muha wa Mwandiga, mtu wa mihogo na maharage. Tulikutana mnadani, siku mradi mmoja ulipofungwa na kuuza vyombo vyake. Zilikuwapo pikipiki mbili ndefu za porini, zenye tairi za meno na springi za kuruka mawe. Hakuna aliyezitaka, maana hazifai kubeba abiria wala gunia. Mimi nikachukua moja, yeye nyingine, tukacheka kama watu waliofumaniwa wakifanya utoto.

Na utoto wenyewe ulikuwa mtamu, niamini. Kila Jumapili nikitoka misa ya kwanza nilimkuta Bilali amekwisha kuwasha pikipiki, ananisubiri nje ya karakana yake. Tuliiacha barabara kubwa, tukaingia vijia vya milimani, tukapanda na kushuka hadi Ilagala. Umewahi kusimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, pikipiki inacheza chini yako kama mbuzi aliyefunguliwa kamba? Mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, udongo mwekundu unanukia, tairi la nyuma linarusha kokoto, na ukifika kileleni unaliona Tanganyika lote limelala pale chini, na milima ya Kongo ng'ambo. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Mabegani nilijiona nina ishirini.

Bilali alinifundisha kila kitu kwa matusi ya kirafiki. "Bwana Misitu, klachi hiyo ishike kwa vidole viwili. Unakamua ng'ombe?" Nikianguka mtoni, alizima pikipiki yake kwanza ili acheke vizuri, ndipo aje kuniinua. Ilagala tulikula migebuka, samaki wa ziwa lile, na ugali wa muhogo, miguu yetu imejaa tope, na wa kwanza kufika ndiye aliyemtania mwenzake hadi jioni. Karibu kila mara wa kwanza alikuwa yeye.

Sheria yetu ilikuwa moja tu. Milima ile imejaa vijia, vya wachoma mkaa, vya warina asali, vya mbuzi. Kila vinapogawanyika, aliye mbele husimama, haondoki mpaka amwone wa nyuma kwa macho yake. Kusikia muungurumo hakutoshi. Bilali ndiye aliyeileta sheria hiyo, na aliposimama alikaa namna ile ile siku zote: mguu wa kushoto chini, mkono wa kulia pajani, uso umegeukia tulikotoka.

Sasa nikiri. Jumapili moja mnyororo wake ulikuwa unateleza, akawa nyuma. Nilifika njia panda ya mwisho, ile ambayo kulia unashuka Ilagala na kushoto unaingia kijia cha zamani cha wachoma mkaa. Nilimsikia, lakini sikumwona. Nikawaza kwamba leo nitatangulia, niagize samaki, nimwone akija na vumbi langu usoni. Sikusimama. Ni hilo tu. Sikusimama, kwa ajili ya sahani ya migebuka na utani wa nusu saa.

Bilali hakunikuta pale; nadhani alifikiri nimepotelea kushoto, akashika huko kunitafuta. Mvua ilikuwa imekata kijia kile, pakawa korongo. Mimi nilimngoja Ilagala hadi jioni, nikadhani mnyororo umemrudisha nyumbani. Wanawake waliokwenda kuni walimkuta asubuhi ya pili. Alikuwa hai muda mrefu kabla ya kufa. Hilo lilionekana kwa namna alivyojiburuta.

Msibani waliponiuliza nilisema nilisimama. Nilisema nilimsubiri, nikamwona kwa macho yangu akikata kushoto kwa hiari yake, nikadhani ana shughuli huko. Nilitaka kujiokoa tu. Lakini kule kushoto, ng'ambo ya korongo, kulikuwa na kitongoji, na kitongojini kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeuza pombe. Watu wakajumlisha wenyewe. Kabla ya arobaini, Gungu nzima ilijua kwamba fundi Bilali alikufa akienda kwa mwanamke. Mkewe, Mama Rehema, alisikia. Mimi nilisikia kwamba amesikia. Nikanyamaza miaka mitatu.

Mwaka niliostaafu nilipata mtu wa Ilagala aliyetaka pikipiki yangu. Ningeweza kuipeleka kwa barabara. Nikasema nipite milimani mara ya mwisho, nimuage rafiki yangu kwa njia tuliyoipenda. Ulikuwa mwezi wa tisa, watu wanachoma nyika. Nilijua hatari hiyo kuliko mtu yeyote, na bado nilikwenda. Nusu ya safari upepo uligeuka, moshi ukateremka mzito, sikuona hata taa yangu mwenyewe. Nyuma majani yalikuwa yanapasuka kwa moto. Vijia nilivyovijua kama kiganja changu vyote vilifanana.

Kwenye njia panda ya kwanza nikamwona mtu juu ya pikipiki ndefu. Nikashukuru, nikadhani ni kijana wa bodaboda. Aliponiona tu akaondoka. Nikamfuata. Kwenye njia panda ya pili alikuwa hapo tena, ananisubiri. Mguu wa kushoto chini. Mkono wa kulia pajani. Uso umenigeukia.

Unadhani nilifanya nini? Nirudi kwenye moto? Nilimfuata, huku nikiona kwamba pikipiki yake inapita kwenye majivu na majivu hayatikisiki.

Njia panda ya mwisho, ile yangu, safari hii hakuondoka. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Akazima pikipiki, na yangu ikazimika yenyewe. Uso wake sikuuona vizuri, lakini sauti ilikuwa yake, haina hasira hata kidogo.

"Bwana Misitu, nyumbani wanasema nilikuwa nakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Wanasema ulipotea tu, ndugu yangu." Hata pale nilidanganya.

Kisha akageuza uso kuelekea kushoto, akashuka na kijia kile taratibu, mguu mmoja unaburuzika. Pikipiki sikuiona tena. Mimi nikashika kulia nikiisukuma yangu, nikatokea kwenye michikichi juu ya Ilagala, hewa safi, ziwa limetulia kama hakuna kitu.

Sikumtafuta mnunuzi. Kesho yake nilikwenda Ujiji kwa Mama Rehema. Nilimwambia yote, mlangoni, kabla hajanikaribisha. Hakulia. Aliniuliza kama niko tayari kuyasema hayo mbele ya watu wa karakana, wale wale waliocheka. Nikasema niko tayari. Tukaenda pamoja kwa miguu, yeye mbele, na nikayasema kila neno, mafundi wamesimama na spana mkononi, hakuna aliyenitazama usoni.

Nilipomaliza, Mama Rehema alisema, "Miaka mitatu sikumsomea mume wangu hata dua moja. Nililala nimempa mgongo kana kwamba yupo kitandani. Hiyo utanirudishiaje, shemeji?"

Moshi wa siku ile ulinikaa kifuani, nakohoa kila kiangazi, na pikipiki iko uani chini ya turubai. Wajukuu hunisihi niiwashe. Siiwashi. Mama Rehema tukikutana sokoni namwamkia, naye huitikia kwa kichwa, anapita.

Wewe unayesoma, ukipata nafasi ya kupanda milima ile kwa pikipiki, panda. Raha yake haina mfano. Lakini kama kuna marehemu uliyemsemea uongo ili ujiokoe, nenda leo kwa watu wake. Usijipe moyo kwamba aliyekufa hana la kuumia. Uongo ule una mtu wa kuubeba, na mtu huyo yuko hai, anaamka nao kila asubuhi, na siku zake hutaweza kumrudishia.