Sanduku la Kwenda Iskanderia

Evanthia alizaliwa Iskanderia na akaishi Athene miaka hamsini na mmoja, na muda wote huo alikuwa yu mbioni kuondoka. "Nikirudi Iskanderia" ndiyo iliyokuwa salamu yake, asubuhi na jioni. Tulikaa mlango kwa mlango, ghorofa ya pili, mtaa wa Kalithea. Mimi ni fundi viatu, na fundi viatu hana ujanja: mtu akishavua kiatu kimoja hana pa kwenda, atasema tu, na wewe utasikiliza.

Yeye alikuwa mshonaji wa nguo za maharusi, na mwenyewe hakuolewa.

"Kinyozi hajinyoi," nilimtania.

"Na wewe fundi viatu, hebu tazama hizo kandambili zako. Hata jibwa haliziibi."

Alijiona mtu wa mjini, na sisi tuliotoka milima ya Arkadia alituita wachunga mbuzi. "Wewe Fotis ulipokuwa unanusa mavi ya mbuzi, mimi nilikuwa nazozana kwa lugha nne ndani ya tramu."

"Na leo unazozana na muuza samaki kwa lugha ngapi?"

"Moja. Ndiyo pekee mnayoijua, maskini ya Mungu."

Baba yake, karani wa ghala la pamba, alizikwa katika makaburi ya Wagiriki kule Shatbi, Iskanderia, mwaka wa hamsini na saba. Miaka mitano baadaye mama na binti waliondoka Misri na masanduku mawili na cherehani. Kabla ya kupanda meli, mama mtu, Bi Despina, alikwenda kulibusu jiwe la kaburi, akamwambia mumewe, "Nitarudi kulala." Hakuwa mtu wa kusema maneno matupu. Maneno hayo Evanthia aliyabeba maisha yake yote.

Bi Despina alifariki Novemba 2004, akiwa na miaka tisini na miwili. Kwetu Athene maiti hakai kaburini milele, udongo ni mdogo na wafu ni wengi. Ikipita miaka mitatu mifupa hufukuliwa, ikaoshwa kwa divai nyekundu, ikatiwa sandukuni na kupangwa rafuni pamoja na ya wengine. Evanthia hakutaka rafu. "Mama yangu si chupa ya achari," alisema. Mifupa ingetoka ardhini, ingeoshwa, na siku ya pili yake ingepanda ndege kwenda kwa Baba.

Akaanza kupanga. Seremala alimtengenezea sanduku la mbao lenye vishikio viwili. Yeye mwenyewe alishona mfuko wa hariri nyeupe kwa vipande vilivyobaki vya nguo za maharusi, akaudarizi jina la mama yake kwa uzi wa buluu. Aliwaandikia watu wa kanisa kule, wakamjibu kwa barua yenye mihuri mitatu, na barua hiyo aliionyesha hata kwa mtu wa gesi. Safari nzima aliiandika katika daftari, na kila Jumapili, kwenye kahawa ya barazani kwake, alinisomea.

"Siku ya kwanza, asubuhi, ful, yale maharage yetu ya Kimisri, kwa yule muuzaji wa karibu na kituo."

"Huyo alishakufa zamani, bibie."

"Basi kwa mwanawe. Siku ya pili, nyumbani kwetu Ibrahimiya. Nitagonga ghorofa ya tatu, niseme nataka kuona dirisha tu."

"Watadhani umetumwa na serikali."

"Watanipa chai. Wewe huwajui watu."

Nilikuwa nikicheka. Lakini ukurasa wa mwisho ulinitia baridi, kwa sababu siku ya kurudi haikuwemo. Nilipomwuliza, alifunga daftari. "Kuna nyumba ya wazee wa kwetu kule, ina bustani. Tutaona."

Januari 2008 kila kitu kilikuwa tayari: kufukua Machi, kusafiri Machi. Jumapili moja nilinywa kahawa yangu hadi machicha, kisha nikasema, "Bibie, huu si mwaka mrefu?"

Mwaka wenye Februari ya siku ishirini na tisa watu wetu wanauogopa. Hawaoi, hawajengi, hawapandi mzabibu.

"Na kufukua je?" aliuliza.

"Mama yangu mwaka mrefu hakufukua hata karoti."

"Ushirikina wa wachunga mbuzi huo." Lakini kalamu yake ilikuwa imesimama. Alinitazama kwa muda mrefu, hata nikainamisha macho. "Hata hivyo, Mama alikuwa akiuamini," akasema, akafuta Machi 2008 na kuandika Machi 2009.

Mimi siuamini. Mke wangu Garifalia, Mungu amrehemu, nilimwoa mwaka wa sitini na nne, mwaka mrefu kabisa, na tukaishi kwa raha mpaka alipokufa. Nilisema vile kwa sababu nilitaka Jumapili za mwaka mmoja zaidi. Nilimpenda Evanthia, na sikuwa na ujasiri wa kulisema hilo, nikasema lile. Ulimi hauna mfupa.

Alikwenda makaburini, akamwomba karani waliyezoeana naye amwachie mama yake alipo mwaka mmoja zaidi. Karani akaitikia kwa kichwa, akastaafu majira ya joto. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi haikuwepo. Vuli ile orodha ya majina ilibandikwa langoni, wenye wafu wao waje. Evanthia alikuwa kitandani na kichomi, wiki tano, nami nikimnywesha supu kwa kijiko. Naona haya kusema kwamba wiki zile nilikuwa na furaha. Hakuna aliyekwenda langoni kusoma, na wachimbaji wakafanya kazi yao.

Januari tulikwenda pamoja kupanga siku. Juu ya kaburi la Bi Despina tulikuta maua mabichi, na msalaba wenye jina la mtu mwingine.

Bi Stamata, mwanamke anayeosha mifupa pale, ndiye aliyetupeleka nyuma, penye mfuniko wa zege. "Humu, mama. Wasio na mtu wa kuwachukua huwekwa humu, wote pamoja."

"Mama yangu ana mtu," Evanthia alisema. Baadaye akauliza, "Mlimwosha?"

"Hapana, mama yangu. Nisamehe."

"Mnaweza kumtoa?"

Bi Stamata alitikisa kichwa. Evanthia alifungua mkoba wake. Chupa ya divai ilikuwamo. Tangu miaka mitatu itimie hakuenda makaburini bila hiyo chupa. Akaomba mfuniko uinuliwe, akapiga magoti na kuimimina yote taratibu mle gizani. "Wote wapate kidogo," alisema. "Mama hakupenda kula peke yake."

Mimi nilisimama na kofia mkononi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema watu, lakini matumbo yaliyostahili kuumia yalikuwa yangu, si yake.

Tangu siku ile sikumsikia tena akisema "nikirudi Iskanderia." Nilimwambia aende walau kumtembelea Baba. "Mikono mitupu?" aliniuliza. "Atauliza mama yako yuko wapi. Nitamwambia nini, Fotis? Aliniachia mtu mmoja tu wa kumtunza." Hapo ndipo palipokuwa pa kukiri, na nikapaacha papite. Kwa miaka minne na ushei nilipata Jumapili zangu zote nilizoziiba, na hakuna hata moja niliyoionja utamu. Tulikunywa kahawa, tukaisema serikali, tukawasema majirani.

Alifariki Mei 2013, usingizini, cherehani ikiwa na kitambaa ndani yake. Hakuwa na ndugu. Mimi ndiye niliyetia sahihi ya maziko, na safari hii niliandika kila kitu kwa karatasi, nakala tatu. Vyombo vyake vilipohamishwa nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na daftari na mfuko wa hariri. Jina la Bi Despina lilikuwa limefumuliwa, matundu ya sindano bado yanaonekana, na juu ya matundu yale yale alikuwa amedarizi jina lake mwenyewe.

Katika daftari, kurasa za zamani zilikuwa zimefutwa kwa mstari mmoja. Ukurasa mpya ulianza hivi:

"Fotis, utanipeleka wewe. Siku ya kwanza kula ful, usiende kwa Baba na njaa. Mwambie kwamba Mama alipewa divai. Ukimaliza, gonga ghorofa ya tatu, utazame dirisha kwa niaba yangu. Na usitazame kalenda. Garifalia aliwahi kunionyesha picha za harusi yenu, tarehe zimeandikwa nyuma. Nilijua siku ile ile kwamba unanidanganya. Nami nilizitaka zile Jumapili. Usijibebeshe peke yako."

Nilikaa sakafuni kwake nikalia mpaka waliokuja kubeba kabati wakatoka nje kuvuta sigara.

Sasa miaka mitatu imetimia. Nina miaka themanini na mmoja, na pasi yangu ya kwanza ya kusafiria iko mfukoni. Ndege ni Jumanne. Barua ya kanisa ninayo, yangu ina mihuri minne, ningependa aione. Ful nitakula, na dirisha nitaliona, wakinifukuza wanifukuze.

Jana asubuhi tulimfukua. Mifupa yake ilitoka na rangi ya nta, jambo ambalo kwetu ni dalili njema, na Bi Stamata, ambaye sasa naye amezeeka, alipiga ishara ya msalaba. Halafu akasita, beseni mkononi.

"Mzee wangu, huu ni mwaka mrefu. Wengine wote wameahirisha. Si ungengoja mwakani?"

"Mmoja nilishaungoja," nikamwambia. "Nipe hiyo divai."