Mama mkwe wangu, sepsis na drip ya ganzi: yaliyotupata wodini Nyamira

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii niliiona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Miaka ya tisini. Mimi clinical officer mpya kutoka Kiogoro, nafanya kazi hospitali moja ndogo upande wa Nyamira. Analetwa mama wa Sironga, appendix imepasuka, maambukizi yameshaenea mwilini, yaani sepsis. Kutazama vizuri, ni mama mkwe wangu.

Kwa wasio Wakisii: sisi tuna chinsoni, heshima ya mkwe na mama mkwe. Humgusi, humtazami akiwa amelala, na yeye hakwambii habari za mwili wake. Nilitoka mbio kumwita daktari.

Daktari alimpasua, akasafisha usaha, akaanza antibiotics. Lakini tumbo lilivimba, likagoma kufanya kazi.

Ndipo akaongeza drip ya lignocaine. Ndiyo, ganzi ile ile ya kung'olea jino! Akanieleza kwamba kwenye sepsis askari wa mwili wakipandwa na hasira huchoma hadi nyumba yao, na ganzi inaweza kuwapoza. Nilisisimka ajabu. Chuoni hatukuwahi kusikia mambo hayo.

Daktari akarudi theatre, akaniachia mgonjwa. Nikakaa nje ya pazia, nauliza kupitia sista, "Anasikiaje?"

"Anasema ako sawa."

Kumbe wapi. Ini lililochoka na sepsis huchelewa kuondoa ganzi. Ikijazana kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Dalili za kwanza anazijua mgonjwa mwenyewe, na wangu alikuwa ananionea haya.

Sista alipotoka kuchukua dawa, nikasikia sauti ya chini ikiniita omoko, yaani mkwe.

"Omoko, uko hapo? Ulimi yangu imekufa. Na masikio inalia."

Mama huyu hakuwahi kuniambia hata kwamba kichwa kinamuuma. Nikafungua pazia, nikafunga drip, nikamshika mkono kupima mapigo. Akageuza uso ukutani, lakini mkono hakuuondoa.

Masikio yakatulia. Kesho yake tumbo likanguruma, akaomba uji. Wakuu, nilifurahi nusura niimbe wodini!

Kama ni ganzi iliyosaidia au ni kisu na antibiotics, siwezi kuapa. Ganzi peke yake haitibu sepsis, msijaribu.

Nilichojifunza: pazia linaweza kuua. Wauguzi na madaktari wa humu, siku mkwe akiletwa kwenye wodi yako, utamgusa au utamwita mwenzako? Semeni ukweli.