Rubabu ya Jaani

Mtaani walimwita Bi Uzi, maana hakuna aliyewahi kumwona bila kipande cha uzi kilichomganda mahali: begani, kwenye nywele, hata kwenye kijiko cha chai. Alishonea nyumbani, chumba cha mbele, na uani nyuma ya jiko alikuwa na ukanda wa udongo usiozidi upana wa kitanda. Hapo ndipo alipotaka kuotesha mmea uitwao rubabu ya mapambo.

Aliiona mara moja tu, kwenye bustani ya mteja aliyempelekea mapazia. Jani pana kuliko sinia, kingo zimechanwachanwa kama kwa mkasi; upepo ulipoligeuza, chini likawa jekundu, kama koti lililofichiwa bitana ya hariri. Bi Uzi alibaki amesimama, mapazia mkononi, hata salamu kasahau. Mteja akacheka, akamfungia mbegu kwenye kitambaa: vitu vikavu vya kahawia, vyenye mbawa nyembamba.

"Ila usipike. Majani yake ni sumu. Hii ni ya kutazama tu."

Dada wa mumewe, aliyeishi nao, aliposikia hivyo alipiga makofi. "Makubwa haya! Watu wanalima wale, wifi yangu analima atazame!"

"Na wewe utatazama, wifi. Macho hayana pazia."

Bi Uzi alizilowesha mbegu, akazipanda kwenye makopo dirishani, kando ya cherehani. Zikaota kwa fujo. Ndipo akafanya kosa la mtu aliyekulia kwenye matuta ya mchicha: aliibakiza miche minene ya kijani, akang'oa ile midogo yenye wekundu, akidhani inaumwa. Akaitupa jaani, kwenye pembe ya ua, juu ya maganda na majivu.

Iliyobaki akaihamishia uani, ikanawiri. Kila asubuhi aliinua jani kwa kidole, kama anayekagua pindo la sketi, akalishusha. Kijani juu, kijani chini. Mteja alipokuja kupimwa gauni, akauliza, "Ile myekundu uliibakiza? Wekundu wake huonekana tangu udogoni." Bi Uzi alikuwa na pini mdomoni; nusura aimeze.

Baridi ikaja, yote ikanyauka hadi ardhini. Mumewe alikuwa fundi bomba, na kinyozi hajinyoi: katika mtaa mzima, nyumba yake ndiyo isiyokuwa na tangi la maji. Sasa amelipata, limesimama langoni, na mahali alipopachagua kujenga msingi ni pale penye jaa.

"Baba, ngoja joto lirudi," Bi Uzi alimsihi. "Huenda kuna mche ulioshika mizizi mle."

"Si uliitupa mwenyewe, mama?"

"Joto likirudi pasitoke kitu, zege nitakukorogea mimi kwa mikono hii."

Mume akangoja, huku mafundi wenzake wakimuuliza kama lile tangi ni mgeni au mlinzi. Joto likarudi. Jaa likabaki jaa. Asubuhi moja mumewe akachukua koleo, akaanza kuchimba, na Bi Uzi akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asilisikie. Lakini alilisikia. Kisha likanyamaza.

"Mama! Njoo. Njoo upesi!"

Mumewe alikuwa amepiga magoti kwenye majivu. Mbele yake, kitu kama ngumi ya kichanga, chekundu, kimekunjamana, kilikuwa kikisukuma udongo, kimejitwika ganda la yai kichwani.

"Kidogo tu ningekikata," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kando ya kitanda cha mzazi aliyejifungua.

Wifi alitoka na maneno yake tayari mdomoni. Akachungulia. Maneno yakarudi yalikotoka.

Jani lilifunguka polepole, lina mikunjo kama kitambaa kilichosokomezwa mfukoni. Bi Uzi, aliyepiga pasi maisha yake yote, aliduwaa: mikunjo ile ilijinyoosha yenyewe, bila moto, bila mkono. Jua lilipolipenya, ukuta wa jiko ukawa mwekundu. Naye akageuza kiganja chake ndani ya mwanga ule, mara hii, mara ile, kama si chake.

Tangi lilijengwa upande wa pili, likaziba dirisha la wifi. Alilalamika juma zima. Siku hizi kila asubuhi hutoka na kikombe cha chai, huketi kando ya jaa, na ukimuuliza atakwambia chumbani kuna giza.