Kandili ya Mtumbwi wa Nyuma

Taa moja imenigharimu mitumbwi miwili ya chumvi, na shingo yangu bado haijapangiwa bei.

Mdachi aliamuru mtumbwi unaovutwa na mwingine utundikwe kandili wakati wa ukungu. Usio na taa ni wa waasi, unapigwa risasi. Nami, kwa kuogopa pande zote mbili, nilibeba kibuyu cha mafuta na kibuyu cha ile dawa ya waasi, maji yenye punje za mtama niliyouziwa na mganga ili kugeuza risasi maji.

Karibu na kivuko cha Ifakara kandili ikazimika. Nikakata utambi, nikafuta kioo, nikapapasa kibuyu, nikajaza mafuta. Ikagoma.

"Lete nikutazamie, bwana," askari wa Mdachi aliyelinda kivuko akasema. Akatwaa kibuyu, akamimina kiganjani. "Mafuta ya kwenu yana punje za mtama?"

"Niliuziwa hivyohivyo."

"Na nani?"

Nimefungwa, wanangoja jina. Nikimtaja mganga, waasi wataniua. Nisipomtaja, ataniua Mdachi. Nishaurini, ndugu zangu, na upesi.